Chewa wa Masika

Mwezi wa Mei Diani hujifunga yenyewe. Hoteli hufunika vitanda vyake vya jua kwa maturubai, mabawabu hucheza bao getini mchana kutwa, na vijana wa kutembeza shanga na safari za mwamba hurudi makwao kungoja Julai. Mwani unaong'olewa na kusi hulala ufuoni matuta kwa matuta, ukinuka, na hakuna anayeukusanya kwa reki maana hakuna mgeni wa kuonewa haya. Wenye biashara huyaita majira hayo msimu mbaya. Mimi huyangoja mwaka mzima.

Nayangoja kwa ajili ya samaki mmoja na rangi moja ya maji. Samaki ni chewa. Rangi ni ile ambayo mjomba wangu, mvuvi wa Tiwi, huiita chai ya maziwa. Yeye ana majina manne ya maji ya mtoni yakishafika baharini: chai ya rangi, ambayo bado unaona vidole vyako ndani yake, chai ya maziwa, uji, na mwisho kahawa, ambayo ukiiona unakunja uzi wako unarudi nyumbani. Chai ya maziwa hudumu siku chache tu katika masika nzima, mto Mwachema unapoteremka na udongo wa mashamba ya watu lakini haujawa mzito kiasi cha kuwafukuza samaki.

Mwachema si mto wa kutisha. Kaskazi ikikolea, maji yakiwa yamekupwa, watu huuvuka kwa miguu kutoka Tiwi hadi upande wa Diani, viatu mkononi. Mdomo wake uko Kongo, chini ya ule msikiti wa mawe wa karne nyingi ambao bado unaswaliwa, kwenye kivuli cha mibuyu. Masika ikishika, mto huu hupata kiburi. Hubadili njia yake mchangani kila wiki, hubeba magogo, makumbi ya nazi, chupa, siku moja hata kiatu cha shule cha mguu mmoja, na kuyatema yote baharini. Mtalii mmojammoja aliyebaki akiona maji yale hugeuka akarudi kwenye bwawa la hoteli. Chewa akiyaona hutoka.

Hapa yafaa nieleze, maana wengi hudhani samaki hupenda maji maangavu kama wao. Maji ya mto ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Yakifika baharini hayachanganyiki papo hapo; hutandaa juu, na chini yake bahari hubaki na chumvi yake na kijani chake. Kamba waliojificha mikokoni husombwa na mkondo, vidagaa huja kula kinachoelea, mkizi huja kwa makundi kulamba tope. Juu kumekuwa giza. Na chewa, ambaye siku za maji safi hukaa tunduni akichungulia kwa kuwa naye anaonekana, sasa ameletewa usiku mchana. Hana mbio huyu. Hamfukuzi mtu. Hungoja mlangoni mwake hadi riziki ipite, kisha hufungua kinywa chote mara moja, na maji yanapoingia huingia na samaki aliyekuwamo. Tunasema chewa ameuma, lakini hasa amefyonza. Ndiyo maana mwenye mshipi hasikii kudonoadonoa kama kwa changu. Husikia uzi umekuwa mzito, kana kwamba nchi imesogea.

Chewa wako aina nyingi. Ninayemsema mimi ni yule wa madoa ya rangi ya chungwa, ambaye udogoni hulelewa mikokoni na kwenye midomo ya mito, ukubwani huhamia miambani. Pale Gazi, kusini kidogo, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakilinda mikoko yao tangu mwaka 2013 na kuuza hewa ya ukaa inayofungwa humo, na fedha zimerudi kijijini kwa sura ya maji ya bomba na mahitaji ya shule. Mahesabu ya hewa hiyo huandikwa kwa tani. Mimi nikipita pale naona vyumba vya watoto wa chewa.

Kuvizia majini si ujuzi wa chewa wetu peke yake. Wakoloni walipotaka mchezo wa kuvua bara, mwaka 1929 walimtia Ziwa Naivasha samaki wa Kimarekani wa maji matamu, mwenye kinywa kipana, ambaye naye hujibanza kando ya magugu akingoja. Na huko pwani za Uingereza na Ufaransa wako watu wanaovua samaki wao wa rangi ya fedha wakiwa wamesimama mchangani, na hutoka kwa makusudi siku ambayo bahari imechafuka, kwa sababu wimbi likifukua mchanga hufukua na chakula. Siku niliyolisoma hilo nilifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake stesheni ya mbali.

Sina ufito. Uzi wangu wa nailoni umezungushwa kwenye chupa ya plastiki, chubwi ni plagi kuukuu ya gari, na ndoana ni moja, si mbili, kwa kuwa miamba ya Tiwi hula ndoana kuliko samaki. Chambo ni utepe wa pweza. Mkizi mbichi hunukia zaidi na huita haraka, lakini nyama yake hubanduka kwa mawimbi mawili, pweza hung'ang'ania. Unashika chupa kwa mkono wa kushoto, mdomo wake ukiuelekeza baharini, unazungusha chubwi juu ya kichwa mara mbili tatu, unaachia. Uzi hujitoa wenyewe kwenye chupa kwa sauti nyembamba kama ya mbu. Kisha unakaa chini, uzi umepita juu ya kidole cha shahada, na hapo ndipo mvua inapokukuta.

Mvua ya kusi haidondoki wima. Huja ya ubavu, ikitokea baharini, na huwa na chumvi. Nilijaribu koti la mvua mara moja nikaona linanifanya kiziwi: kila tone likipiga juu yake linalia, nami kazi yangu yote ni kusikia kwa kidole. Tangu hapo huvaa shati kuukuu na mfuko wa plastiki kichwani, nalowa dakika kumi za mwanzo, na baada ya hapo hakuna tena cha kulowa. Kuna furaha ya pekee katika kuwa umekwisha kulowa. Mtu anayeikimbia mvua huihesabu matone yake. Aliyelowa hana deni nayo.

Mvuvi wa ufuoni huishi kwa kalenda mbili, na hizo mbili hazisikilizani. Mwezi ndio wenye maji. Ukiandama au ukipevuka, bamvua huingia, na kwetu maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi na hukupwa mnamo saa nne, mchana na usiku. Toka hapo huchelewa kila siku kiasi cha dakika 50, hata wiki ikipita, maji yamekuwa mafu na saa zimegeuka: kujaa ni saa nne, kukupwa ni saa kumi. Bamvua kubwa hupandisha bahari karibu mita nne. Haya yote mtoto wa pwani huyajua kabla ya kujua kusoma saa ya ukutani. Jua nalo ndilo lenye pepo. Kusi huingia Aprili bila kuuliza mwezi wa Kiislamu uko wapi, na kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko wa jua, Ramadhani huweza kuangukia kaskazi, masika au kipupwe. Manahodha wa zamani hawakuweza kuendesha jahazi kwa mwaka unaohama namna hiyo. Walikuwa na mwaka mwingine pembeni, wa Nairuzi, wa siku 365, waliouhesabu kwa miongo, kumi baada ya kumi, ili wajue siku ya pepo kugeuka. Mjomba hakuhesabu miongo. Alikuwa na goti la kushoto.

Goti hilo lilitabiri mvua ya bara, ile isiyoonekana kutoka ufuoni. Likimuuma usiku, alijua kesho kutwa Mwachema utakuwa na maziwa. Akitazama mwezi akakuta ni bamvua, alinitumia mtoto aniambie. Siku za namna hiyo, kalenda mbili zikiwa zimekutana kwa bahati, ni chache: kwa masika moja tatu, nne, mwaka mbaya hakuna hata moja. Maji huanza kupanda saa nne asubuhi, hupanda dhidi ya mto, na chai ya maziwa iliyokuwa imetandaa mbali husukumwa kurudi hadi miambani tulipo. Saa kumi imekaribia. Bahari imejaa hadi magotini mwa mwamba. Ni wakati huo chewa huwa mlangoni, na ni wakati huo alasiri huadhiniwa Kongo. Wenzangu wengine hukunja nyuzi zao wakaenda kuswali. Wengine huubana uzi chini ya jiwe na kwenda kuswali kwa masikio. Sitaji ni yupi kati ya hao niliye mimi.

Mwambani siku hizo sikai peke yangu. Kusi ikivuma sana, mitumbwi na ngalawa hupandishwa juu ya mchanga na kufungwa minazini; hata mwenye mashua ya injini hatoki nje ya mwamba, kwa kuwa mawimbi hupasuka kote kote na mlango wa kutokea haupitiki. Basi naye huja na chupa yake. Desemba mtu huyu hapiti karibu nami. Nyuzi zake ni ndefu na habari zake ni za nguru na sulisuli. Mei tunaombana pweza. Kina mama wa Kidigo huwa wamekwisha kupita mapema zaidi na vitambaa vyao, wakitanda uduvi kwenye maji ya magoti, na hao ndio wanaojua kuliko sisi sote kama mto umeleta kitu, maana uduvi ndio mwanzo wa karamu. Ukiwaona wanacheka, keti. Ukiwaona wanakamua vitambaa kimya kimya, rudi ukalale.

Sehemu tunayokaa ina hadhi yake kisheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, imetaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Sijui kama waliouandika mstari huo waliwahi kusimama juu yake. Ni nchi inayozaliwa na kufa mara mbili kwa siku, pana mno siku za bamvua, nyembamba siku za maji mafu, na hakuna awezaye kuijengea, kwa sababu mwenyewe huja kuikagua kila baada ya saa kumi na mbili hivi. Shida yake moja ni kuifikia. Njia niliyopita utotoni ilikuwa kati ya viwanja viwili vya mikanju. Siku hizi pana ukuta, kwenye ukuta pana mlango, na kwenye mlango pana bawabu. Desemba huniuliza nakwenda kwa nani. Mei hunifungulia kabla sijabisha, na mwaka juzi aliniomba nimwachie ndoana ya akiba.

Sisi Wadigo, kabla ya mambo mengi kugeuka, tulihesabu ukoo upande wa mama, na mali ya mtu ilikwenda kwa mpwa wake. Dini na sheria za serikali zimekwisha kuelekeza urithi kwa watoto wa kuzaa, na sina malalamiko, mimi mwenyewe nina watoto. Hata hivyo mjomba alibaki kuwa mjomba. Hakuwa na minazi ya kunirithisha. Alichonipa ni neno moja alilonipigia kelele katika upepo nikiwa na miaka kumi na miwili: legeza.

Chewa akishanaswa hakimbilii bahari kuu kama kolekole. Hugeuka arudi alikotoka. Akiwahi tundu lake, hutanua mashavu, husimamisha miiba ya mgongo, na hujikaza humo kama kabari kwenye gogo. Una muda mfupi sana wa kumzuia, pumzi moja hivi, na katika pumzi hiyo lazima uvute kwa nguvu zote bila adabu. Ukishindwa, basi. Kijana kwa wakati huo huendelea kuvuta. Huzungusha uzi kiganjani, hukata ngozi, huegemea nyuma, na uzi unaosuguliwa na ukingo wa mwamba hukatika akaanguka chali, watu wakacheka. Nilifanya hivyo mara mbili. Mara ya tatu mjomba alikuja akaubandua uzi vidoleni mwangu kama mtu anayempokonya mtoto kisu. "Legeza, mpwa wangu. Mwambie umekwenda zako."

Ukalegea wote, ukaelea. Akaubana kwa kidole gumba cha mguu, akatoa muhogo wa kuchoma mfukoni, akaanza kula. Hicho kilikuwa kipimo chake cha wakati: muhogo ukiisha, jaribu. Chewa asiposikia mvuto hudhani balaa limepita, mashavu yake hulegea naye, na hamu ya kuchungulia humrudia, kwa kuwa ndiyo tabia yake, ameumbwa achungulie. Mjomba alikula kipande chote, akapangusa mikono kwenye saruni, akainama, akauchukua uzi kwa vidole viwili kama anayeinua kifuniko cha chungu. Halafu akavuta mara moja. Samaki alitoka amekasirika, mweusi wa ghadhabu, na kweli chewa hubadili rangi, kinywa wazi kiasi cha kumeza ngumi yangu.

Nimejaribu kulegeza nje ya uvuvi pia. Darasani, ambako nilifundisha miaka mingi, kulifaa sana. Benki hakukufaa hata kidogo.

Bibi zetu walimjua chewa mwingine. Mwezi ulipopatwa, walisema chewa ameumeza, na watu walitoka nje na masufuria na makopo wakayapiga ili auachie. Niliposomea jua na kivuli cha dunia shuleni nililiweka hilo katika kapu la hadithi za watoto. Lakini usiku wa 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, nami nilikuwa Msambweni kwa dada yangu. Tangu saa mbili na nusu hadi karibu saa nne ulikuwa wa rangi ya shaba. Watoto waliinua simu zao. Mzee wa nyumba ya pili aligonga sufuria mara tatu tu, kwa heshima, akaingia ndani. Mimi nilishuka ufuoni, na huko nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu, na mwezi mpevu ni bamvua, na bamvua hukupwa saa nne usiku. Kwa hiyo wakati ule ule mwezi ulipokuwa umemezwa, bahari ilikuwa imejiondokea mbali kuliko kawaida, miamba yote imetoka nje, na matundu ya chewa yalikuwa wazi mbele yangu, makavu, hayana mtu. Aliyesimama hapo zamani akayatazama mashimo matupu, kisha akainua macho, angesema nini? Chewa hayuko kwake. Yuko juu.

Wataalamu wa samaki nao wana hadithi yao isiyo ndogo kuliko hiyo. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi, wakishakuwa wakubwa, hugeuka madume. Lile dume kubwa lenye kidevu cha babu ni mtu aliyewahi kutaga mayai. Nilipolijua hili liliniharibia hesabu. Nilikuwa nimezoea kujisifu kwamba naachia wadogo na kuchukua wakubwa. Kumbe mkubwa ninayemchukua huenda ni dume pekee la mwamba mzima, na mdogo ninayemwachia anahitaji miaka kadhaa ya kuponea ndoana za wengine kabla hajataga hata mara moja. Sijapata ukubwa usio na lawama. Nimeamua tu kuchukua mmoja kwa siku, na siku hizi uamuzi huo si mgumu, kwa sababu wa pili mara nyingi hayupo.

Mjomba alikuwa akileta chewa begani, mkia ukimgonga mapajani. Wangu hulala kikaangoni na nafasi ikabaki ya kitunguu. Watu hutaja sababu nyingi, na juya huwa la kwanza: lilipigwa marufuku mwaka 2001 na bado asubuhi fulani utakuta mchanga una alama za miguu ya watu ishirini waliovuta kitu kizito. Wakubwa wako bado, lakini wako ambako mtu haruhusiwi. Ndani ya hifadhi ya Kisite, kusini ya Wasini, hakuna anayevua, na wapiga mbizi hurudi na habari za chewa wasioogopa kitu. Vijiji kadhaa vya huko kusini vimetenga vipande vya bahari yao wenyewe na kuviita tengefu. Nimezoea kusema ni jambo jema. Nalisema nikiwa Tiwi, ambako si mimi ninayefungiwa mwamba.

Mama karanga, mkaanga samaki wa kuuza, hana muda na nadharia hizi. Masika ni majira yake ya taabu: mashua hazitoki, karai liko, mafuta yako, moto uko, samaki hakuna. Hungoja juu ya ngazi ya kushukia ufuoni, chini ya mwavuli mmoja, watatu wanne, na ukipanda na chewa mkononi humfunua mashavu kwa kidole, humbonyeza jicho, halafu hukutazama wewe ulivyolowa. Mmoja wao, ambaye namheshimu kama dada yangu mkubwa, huniuliza swali lile lile kila mwaka: "Mwalimu, huyu umemvua au umemwokota?" Nikimwambia namchukua nyumbani, husonya. Ana haki. Mimi nina pensheni.

Siwezi kuendelea kuusifu udongo majini kana kwamba hautoki mahali. Masika ya mwaka 2024 yaliua zaidi ya watu 200 katika nchi hii, na mwanzo wa Mei kikaja juu yake Kimbunga Hidaya, kilichofikia Mafia tarehe 4. Kwetu tuliambiwa tuondoke ufuoni na wavuvi wasitoke. Usiku mzima minazi ilikuwa ikipiga mabati. Siku ya tatu nilikwenda Kongo kutazama, chupa mkononi kwa mazoea tu. Maji hayakuwa chai wala uji wala kahawa. Ilikuwa nchi inayotembea. Katikati ya mkondo ulipita mlango wa mbao, mzima, na komeo lake limefungwa, ukajigeuza polepole mdomoni mwa mto, ukaingia baharini. Nilikaa chini ya mbuyu hadi maji yakajaa na kuanza kukupwa, na sikuzungusha mshipi.

Mei iliyopita chai ya maziwa ilikuja siku mbili. Ya kwanza sikupata kitu, bali nilipoteza ndoana tatu na plagi nzuri. Ya pili, dakika chache baada ya adhana, nchi ilisogea kidoleni mwangu. Nilichelewa ile pumzi moja. Nikalegeza, nikaubana uzi kwa gumba la mguu, na kwa kuwa sikuwa na muhogo nilihesabu mawimbi, nikafika themanini na kitu. Alitoka. Alikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwikoni hadi vidoleni, madoa yake yakiwaka kama makaa kwenye mvua ile.

Nilimpelekea mjomba mzima mzima, hajapaliwa, kwa sababu mjomba siku hizi huona kwa mikono. Mtoto wa jicho alikaa mno, na tulipompeleka kwa daktari palikuwa pamebaki mwanga na kivuli tu. Hukaa barazani chini ya upenu wa makuti, goti lake la kushoto limefunikwa leso. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwekea samaki mapajani. Akapitisha gumba kwenye mdomo, akaingiza vidole mashavuni, akaupima uti wa mgongo mwiba kwa mwiba. Sikumwambia mahali nilipomvua. Akasema, "Huyu ni wa lile jiwe lenye ufa." Ilikuwa kweli.

Kisha akaniuliza, "Maji yalikuwaje?"

"Chai ya maziwa, mjomba."

"Maziwa mengi au kidogo?"

Nikafungua kinywa na sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeutazama uzi, na samaki, na mkono wangu. Mvua ilikuwa imerudi, ikishuka makutini na kutiririka mbele yetu kama pazia.

"Hukuangalia," akasema, bila ukali. "Kesho uangalie vizuri, uje uniambie." Akamwondoa chewa mapajani akanirudishia, akanyoosha mkono wake nje ya upenu, kiganja juu, akauacha hapo.